Mlio wa Mtungi

Mji wa Unguja na mji wa Mpanda imeachana kwa kilomita zipatazo 900. Anayetaka kuifuata njia ya zamani huvuka bahari hadi Dar es Salaam, akapanda treni ya Reli ya Kati, akapita Dodoma na Tabora, na afikapo Kaliua njia huchepuka kuelekea kusini-magharibi, ikakata misitu ya miombo kwa kilomita 210 hivi hata ikafika Mpanda na kukoma hapo. Hakuna reli mbele yake. Kwa mtu wa pwani, Mpanda ni mwisho wa njia, na jina lake husikika aghalabu katika habari za asali, za dhahabu, au za viboko wa Katavi.

Hata hivyo miji hii miwili ina jambo moja inaloshirikiana, nalo halihitaji nauli. Yote miwili imelala juu ya mstari mmoja, nyuzi sita na kidogo kusini ya Ikweta. Kwa hiyo nyota ipitayo utosini pa mtu wa Forodhani hupita utosini pa mtu wa Mpanda pia, baada ya nusu saa na dakika mbili tatu. Mbingu ya Unguja haipotei inapovuka mrima. Hukokotwa polepole, ikafika Mpanda ileile, ila huko hukuta giza safi zaidi na taa chache za kushindana nazo.

Miongoni mwa nyota zipitazo njia hiyo mna moja isiyo na makeke, katika kundi ambalo Waarabu na Wayunani wote waliliona kuwa ni mto. Wanafalaki huiita 40 Eridani. Nuru yake husafiri miaka 16 kabla ya kutufikia, na jicho lizima huiona kama chembe tu. Ukiitazama kwa darubini utagundua kwamba si nyota moja bali ni tatu, na ya pili kati ya hizo, iliyo hafifu mno, ndiyo iliyofungua mlango wa habari hii.

Mwaka 1910, katika chuo cha Harvard huko Marekani, mwanafalaki kijana Henry Norris Russell alimuuliza Edward Pickering, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota, kama kuna aliyewahi kuichambua nuru ya nyota ile hafifu. Pickering akatuma swali kwa Williamina Fleming. Mama huyu Mskoti aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani kwa Pickering, kisha akafundishwa kazi ya kusoma picha za nyota, akawa mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo duniani. Jibu lake halikuchelewa: nyota ile ni nyeupe. Russell alishangaa. Nyota nyeupe ni nyota ya moto mkali, na nyota ya moto mkali haina budi kung'aa sana. Ikiwa hii ina moto mkali lakini haing'ai, basi maelezo ni mamoja tu: ni ndogo kupita kiasi. Pickering, mwenye uzoefu wa miaka mingi, hakutaharuki. Alimwambia Russell kwamba vighairi vya namna hii ndivyo viisukumavyo elimu mbele.

Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, katika mji wa Lahore, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Subrahmanyan Chandrasekhar. Na mwaka huohuo, tarehe 13 Disemba, mchana, ardhi ya Rukwa na Ufipa, kusini ya Mpanda, ilitikisika kwa tetemeko ambalo hadi leo linahesabika kuwa moja katika makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa kwa ala katika Afrika ya Mashariki, ukubwa wake ukizidi 7. Usiku wa siku hiyo, ardhi ikiwa bado haijatulia, 40 Eridani ilipita karibu na utosi wa nchi ile kama ilivyozoea.

Mambo matatu kukutana katika mwaka mmoja ni sadfa, wala sadfa si hoja. Lakini mtu mwenye kupenda maneno haoni dhambi kuziweka sadfa hizo kwenye mkeka mmoja na kuuliza: nyota ndogo iliyo nyeupe, mtoto wa Lahore na ardhi iliyotikisika zina nini la kuambiana?

* * *

Kwanza nyota. Nyota ya aina hii huitwa kibete cheupe, nayo si nyota changa bali ni mabaki. Nyota iliyo mfano wa jua letu huishi kwa kuunguza haidrojeni ikawa heli, kisha heli ikawa kaboni na oksijeni. Kuni zikiisha, nyota huvua maganda yake ya nje, yakatawanyika angani, na kinachosalia ni kiini kilichokuwa tanuri. Kiini hicho hakiungui tena. Kinapoa tu, kama jiko la mkaa lililoachwa uani baada ya karamu. Jua letu nalo litaishia hapo, baada ya mabilioni ya miaka.

Ajabu yake ni uzito. Kibete cheupe cha kawaida kina maada ya zaidi ya nusu ya jua, iliyosongwa ndani ya umbo lenye ukubwa wa dunia. Kijiko kimoja cha chai cha maada hiyo kina uzito wa tani kadhaa. Sasa, kama moto umezimika, ni nini kinachoizuia nyota hiyo isijiangukie na kusagika kabisa?

Jibu lake laweza kuonekana Katavi wakati wa kiangazi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ina mto Katuma na maziwa yake ya Katavi na Chada. Mvua zikikoma, maji hupungua kutoka mto hadi dimbwi, na kutoka dimbwi hadi tope. Viboko kwa mamia hukusanyika katika tope hilo, ubavu kwa ubavu, hata mtazamaji asione maji bali migongo. Kila siku jua likizidi kukausha, dimbwi huzidi kujifinya. Lakini hufika mahali lisiweze kuwafinya zaidi, kwa sababu kiboko mmoja hawezi kukaa mahali palipokaliwa na mwenzake. Hawasukumani kwa sababu wamechangamka; wanasukumana kwa sababu nafasi ni moja na mwili ni mmoja. Elektroni ndani ya kibete cheupe zina kanuni ya namna hiyo: mbili haziwezi kushika hali moja mahali pamoja. Ukataaji huo ndio uibebao nyota, wala hauhitaji joto. Nyota yaweza kupoa kabisa, na bado elektroni zitakataa.

Ila kila ukataaji una mpaka. Aliyeuona mpaka huo ni yule mtoto wa Lahore. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 19, Chandrasekhar alipanda meli kutoka Bombay kwenda kusoma Uingereza. Katika safari hiyo, baharini, alikokotoa hesabu iliyomwonyesha kwamba kibete cheupe hakiwezi kuzidi uzito fulani, ambao leo twajua ni jua moja na sehemu nne za kumi hivi. Kikizidi hapo, hakuna ukataaji utakaokiokoa. Wakubwa wa elimu hiyo huko Ulaya hawakumkubali kwa urahisi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983. Watu wa pwani, ambao babu zao walijua umuhimu wa hesabu chomboni usiku, hawatashangaa kwamba jambo kubwa kama hilo lilipatikana kati ya bandari mbili.

* * *

Hesabu hiyo inasema kibete cheupe chaweza kuwa nini. Haisemi ndani ya hiki au kile mna nini. Kaboni ni kiasi gani, oksijeni ni kiasi gani, ganda la heli lina unene gani, kiini ni kiowevu au kimeganda? Darubini, iwe kubwa kiasi gani, huona ngozi tu. Nuru itokayo nyotani ni nuru ya uso wake.

Tatizo hili si geni kwa mtu wa visiwani. Anunuaye nazi sokoni Darajani hawezi kuipasua kila moja kabla ya kulipa. Huishika, akaisogeza sikioni, akaitikisa. Maji yakicheza humwambia habari ya ndani. Mnunuzi wa mtungi huugonga kwa konzi ya kidole. Mtungi mzima hulia mlio mrefu wenye uwazi, na ulio na ufa, hata usioonekana, hujibu kwa sauti fupi iliyokufa. Fundi wa reli hugonga gurudumu la behewa kwa nyundo kwa sababu iyo hiyo. Na wahenga waliosema kwamba debe shinda haliachi kutika walikuwa wamekwisha kuiweka elimu nzima katika maneno manne: kilichomo ndani hujitoa kwa mtikisiko.

Basi kama nyota ingeweza kugongwa! Lakini hapana mkono mrefu kiasi hicho. Ndipo ikawa bahati kubwa kwamba baadhi ya vibete vyeupe hujigonga vyenyewe.

Hapa lugha yetu inatupa msaada ambao lugha nyingine hazitoi kwa urahisi. Kiswahili kina kumeta, nacho kina kupwita. Nyota zote humeta. Lakini kumeta si kitendo cha nyota. Ni hewa yetu, iliyo juu ya vichwa vyetu, inayoivunjavunja nuru dakika ya mwisho ya safari yake. Mwenye kusifu kumeta kwa nyota anasifu upepo. Kupwita ni kitu kingine. Mshipa hupwita, jipu hupwita, moyo hupwita: ni mwendo utokao ndani, wenye kipimo chake, usiojali nani anatazama. Nyota tunazozitaja hapa hupwita. Nuru yake hupanda na kushuka kwa sehemu ndogo tu, kisha hurudia, kila baada ya dakika mbili, au tano, au hata ishirini.

Wa kwanza kutangaza jambo hilo alikuwa Arlo Landolt wa Marekani, mwaka 1968. Katika kundi la Ng'ombe, ambamo mna Kilimia, aliona nyota iitwayo HL Tau 76 ikibadilika nuru kwa mzunguko wa dakika 12 na nusu hivi. Tangu hapo zikapatikana nyingi. Zenye haidrojeni usoni hupwita zinapofikia joto la nyuzi kati ya elfu kumi na moja na elfu kumi na mbili na ushei. Zikiwa na joto zaidi hunyamaza. Zikipoa zaidi hunyamaza tena. Ni kama mlango ambao kila kibete cha jamii hiyo hupitia mara moja katika uzee wake, na katika kupita huko ndiko husema. Mwaka 1982 Don Winget na wenzake walitabiri kwamba vibete vyenye heli usoni navyo vitakuwa na mlango wao, kwenye joto kubwa zaidi. Walikwenda kutafuta, na mwaka huohuo wakaipata nyota GD 358 ikipwita kama walivyosema. Ni nadra katika elimu ya nyota mtu kuagiza kitu angani na kukikuta.

Mpwito huo si wa nyota kuvimba na kusinyaa. Ni wa mawimbi, tena si mawimbi ya sauti, bali ya namna ya yale ya baharini, ambamo uzito huvuta chini kilichopanda nacho hupanda tena. Ndani ya nyota nzito kama hizo, maada hutembea zaidi kwa upande kuliko kwenda juu na chini, kama maji ya kupwa na kujaa katika hori. Sehemu moja ya uso hupata joto, nyingine hupoa, kisha hubadilishana zamu. Na kama nahodha ajuavyo kwamba wimbi lipitalo juu ya mwamba si sawa na lipitalo kwenye kilindi, ingawa mwamba haonekani, ndivyo wimbi la nyota linavyobeba habari ya vyote lilivyopita juu yake.

Habari hiyo husomwa hivi. Nyota moja hupwita kwa mapwito mengi kwa wakati mmoja, kama ngoma kadhaa zipigwazo pamoja. Mapwito hayo yakitenganishwa, huonekana yamepangana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na ukubwa wa nafasi hiyo hutoa uzito wa nyota. Pwito moja likionekana limegawika matatu yaliyo karibu sana, mgawiko huo hutoa mwendo wa nyota kujizungusha. Na pale mpangilio ulipopaswa kulingana lakini ukapinda kidogo, ndipo penye mpaka kati ya ganda na ganda. Kosa dogo katika mizani ndilo lenye habari. Mshairi anayeisikia mizani iliyopungua kabla hajaihesabu ataelewa.

Ugumu mmoja ulisalia. Kupambanua mapwito mengi kunataka kusikiliza bila kukatizwa, na kila mahali duniani asubuhi hukatiza. Edward Nather na Winget, katika chuo kikuu cha Texas, walitafuta njia katika nusu ya pili ya miaka ya 1980: waliunganisha vituo vilivyotapakaa kuizunguka dunia, kila kimoja kikikipokeza kilicho magharibi yake kazi kabla ya jua kuchomoza, kama adhana ya alfajiri ipokewavyo na msikiti baada ya msikiti bila kunyamaza. Mwaka 1989 waliielekea nyota PG 1159-035, iliyo kizingitini mwa kuwa kibete cheupe. Waliisikiliza kwa saa 264, wakapata mapwito zaidi ya 100. Wakatoka na habari kwamba uzito wake ni sehemu 0.586 za jua, na kwamba hujizungusha mara moja kwa siku 1.38. Kwa nyota isiyoonekana hata kwa jicho, huo ni usahihi ambao daktari angeuonea wivu.

Yako mengine. Nyota iitwayo G117-B15A hupwita kila baada ya sekunde 215, na hesabu iliyotolewa mwaka 2020, baada ya miongo ya kuitazama, ilionyesha kwamba mpwito wake hurefuka polepole kiasi kwamba sekunde moja itaongezeka baada ya miaka milioni sita hivi. Kurefuka huko ni kupoa kwake: nyota inahesabiwa mwendo wa kufa kwake. Na katika kundi la Kantarusi, ambalo watu wa Mpanda huliona vizuri katika usiku mkavu wa Juni, iko BPM 37093. Mwaka 1968 Hugh Van Horn alikuwa ameeleza kwamba kibete kikipoa vya kutosha, kiini chake kitaganda na kuwa fuwele. Mwaka 2004 Travis Metcalfe na wenzake, kwa kusoma mapwito, walikadiria kwamba sehemu kubwa sana ya kiini cha nyota hiyo imekwisha kuganda. Wengine walifuata wakasema kiasi hicho chaweza kuwa kidogo zaidi. Magazeti yalishangilia almasi angani. Wataalamu hawakuwa na haja ya almasi. Walikuwa wamepata kaboni na oksijeni iliyoganda, waliyoijua kwa kusikiliza tu.

* * *

Sasa turudi chini, maana elimu hii ilianzia chini. Kabla ya kusomwa mitetemo ya nyota ilisomwa mitetemo ya dunia. Mwaka 1906 Richard Oldham, aliyefanya kazi ya miamba Uhindi, alionyesha kutokana na mawimbi ya matetemeko kwamba dunia ina kiini. Matokeo ya tetemeko la mwaka 1909 karibu na Zagreb yalimwezesha Andrija Mohorovičić kuuona mpaka kati ya ganda la dunia na tabaka la chini yake. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark aligundua kwamba ndani ya kiini mna kiini kingine. Hakuna hata mmoja wao aliyechimba. Walingoja dunia itikisike, wakasoma.

Mpanda, kinyume chake, ni mji uliozaliwa kwa kuchimba. Reli ile kutoka Kaliua haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa mwishoni mwa utawala wa Waingereza ili kuchukua risasi iliyochimbwa na kampuni ya Uruwira huko Mukwamba. Ilipotimu mwanzo wa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umefungwa, na mji ukabaki na reli yake. Baadaye walikuja wachimbaji wadogo wa dhahabu, nao hadi leo huingia ardhini kwa sururu, kamba na tochi. Mtu wa namna hiyo ndiye ajuaye kuliko wote gharama ya kujua kilichomo ndani kwa kuingia. Shimo likianguka, halirudishi aliyeuliza swali.

Lakini ardhi hii nayo husema yenyewe. Katavi imelala kando ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa: upande mmoja Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470, upande mwingine Ziwa Rukwa, ambalo ncha yake ya kaskazini imo mkoani humo. Kati ya mwaka 1994 na 1995 wataalamu walitandaza Tanzania vituo vipatavyo 20 vya kusikilizia mitetemo. Mawimbi ya matetemeko ya mbali yalipopita chini ya nchi, yalionyesha kwamba katikati ya Tanzania imesimama juu ya mwamba wa kale, wenye mzizi wa baridi ushukao kilomita mia mbili hivi. Bonde la Ufa halikuweza kuupasua. Lilijigawa, likauzunguka huku na huku. Katavi iko ukingoni hapo, mahali uzee na upasukaji vinapogusana.

Mguso huo una zao lake. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa mna gesi ya heli, wakakadiria futi za ujazo bilioni 54. Heli hiyo ilizaliwa ndani ya mwamba wa kale, ambamo urani na thori huoza polepole kwa mamilioni ya miaka, zikiitoa chembe kwa chembe. Joto la Bonde la Ufa ndilo lililoufungua mwamba ikatoka. Heli ilitambuliwa kwanza katika nuru ya jua, mwaka 1868, miaka 27 kabla mtu yeyote hajaishika duniani, na jina lake ni la jua kwa Kiyunani. Ndiyo ileile iliyoko kwenye uso wa GD 358. Kwa hiyo chini ya nyasi za Rukwa na juu ya nyota ipwitayo mna kitu kimoja, na vyote viwili vilijulikana kwa kutazama kisichoweza kupasuliwa.

* * *

Hapa ndipo mfano wa nyota na ardhi unapoachana, nao hauna budi kuachana. Mpwito wa nyota haumvunji mtu mkono. Tetemeko la mwaka 1910 liliikuta nchi yenye watu wachache, wengi wakiishi katika nyumba za miti na nyasi, ambazo zikitikiswa huyumba na zikianguka hazina uzito wa kuua. Tarehe 5 Disemba 2005 ardhi ilitikisika tena chini ya Ziwa Tanganyika kwa ukubwa wa 6.8, na ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, majengo ya Kalemie yakaharibika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko dogo kuliko hayo, la 5.9, liliupiga mkoa wa Kagera; watu wasiopungua 16 walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Waliokufa wengi waliangukiwa na kuta.

Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu laki tano na sitini elfu na ziada. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni moja na laki moja. Wamekuja wafugaji na wakulima kutoka kaskazini. Wako waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliopewa makazi Katumba na Mishamo, ambao wengi wao wamekuwa raia. Wako Wabende, Wapimbwe na Wakonongo waliozikuta nyota hizi kabla ya reli. Na kila apataye fedha hujenga kwa tofali la kuchoma, kwa sababu tofali ni heshima. Ni heshima kweli. Lakini ukuta wa tofali usiofungwa kwa nondo na mkanda wa zege ni mtungi wenye ufa: waonekana mzima mpaka siku ya kugongwa.

Kwa hiyo habari ya mwaka 1910 si ya kuwekwa makumbushoni. Mwanafalaki wa vibete vyeupe ana faida ambayo mtu wa Mpanda hana: nyota yake hurudia maneno yake kila dakika tatu, na asiposikia leo atasikia kesho. Ardhi ya Rukwa ilisema neno moja kubwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na walioisikia wamekwisha kufariki wote. Kati ya neno na neno hupita vizazi, na katika ukimya huo watu hudhani kwamba ardhi ni bubu. Kazi ya kukumbuka, ambayo kwa nyota imeachiwa ala, kwa ardhi imeachiwa watu: masimulizi, shule, fundi mwashi, na kwa nini isiwe pia tenzi? Pwani yetu ilihifadhi habari za vita na vifo katika tenzi kwa sababu ilijua kwamba kisichoimbwa husahauliwa.

Karibu na Ziwa Katavi husimuliwa habari ya mzimu wa Katabi, ukaao katika mti wa mkwaju, ambako wapitao huacha chochote kwa heshima. Asiyeamini mizimu anaweza walau kuusikia usemi ulio ndani ya desturi hiyo: kwamba nchi ina mwenyewe ndani yake, na kwamba upitao juu yake wapaswa kupita kwa adabu.

Nayo 40 Eridani? Kibete chake hakipwiti. Joto lake, zaidi ya nyuzi elfu kumi na sita, bado halijashuka hadi kwenye mlango ambapo vibete vya jamii yake huanza kusema. Kile cha kwanza kutambuliwa, kilichowashangaza Russell na Fleming, kingali kimya; zamu yake itafika baada ya mamilioni mengi ya miaka, atakapokuwapo wa kukisikiliza au asiwepo. Mwezi wa Disemba, usiku ukikaribia kati, hupita juu ya minara ya Mji Mkongwe. Nusu saa baadaye hufika Mpanda, juu ya stesheni ambapo reli inakoma, juu ya mashimo ya dhahabu na nyumba mpya za tofali, mawingu ya masika yakiruhusu. Chini yake, katika kina ambacho sururu haifiki, mwamba wa kale unaendelea kuvutwa kidogo kidogo, bila sauti.